Kanda Tisini na Sita za Bwana Nehemiah

Flaviana Massawe alipoingia kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Bwana Nehemiah Gaskins, kule Bowie, karibu na Washington, mzee alimtazama toka viatuni mpaka kwenye kilemba, kisha akamgeukia binti yake.

"Nilikwambia uniletee mtu anayejua Kiingereza," alisema.

Flaviana alikijua Kiingereza. Alikuwa amekifundisha miaka kumi na mmoja katika shule ya msingi huko Kibosho. Lakini alipofungua kinywa kumsalimia, lafudhi yake ya Kichaga ilimfanya mzee acheke kwa pua, na Vernell, yule binti, hakumkemea baba yake. Alimwonyesha Flaviana zilipo dawa na zilipo nepi za watu wazima, akambandikia namba ya simu ya ofisini kwake mlangoni mwa friji, akachukua funguo za gari, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa Machi 2001. Flaviana alikuwa mjane wa miaka arobaini na miwili. Alikuwa ameingia Marekani kwa viza ya matembezi. Miezi sita ikaisha, naye akabaki. Nyumbani alimwacha bintiye Rosemary kwa bibi yake. Alikaa Beltsville pamoja na Wairimu, Mkenya wa kutoka Murang'a aliyekuwa akihudumia wazee kama yeye, na wote wawili waliishi kwa sheria moja: usigombane na mtu, usivunje kitu, usikubali polisi waitwe kwa ajili yako.

Kiharusi kilikuwa kimemla Bwana Nehemiah upande wote wa kushoto, kikamwachia mkono wa kulia na ulimi. Ulimi aliutumia. Alimwita Flaviana kila jina isipokuwa lake: Flora, Florence, kuna siku alimwita Tanganyika. Uji ukiwa wa moto mno aliumwaga kitandani, akangoja mpaka shuka zibadilishwe, ndipo akaomba uji mwingine. Akigeuzwa upande ili asifanye vidonda alisema, "Taratibu, mimi si gunia la viazi," na akigeuzwa taratibu alisema Waafrika ni wavivu. Flaviana alijikaza. Wazee wakali alishawaona, na aliamini ukali wa mtu mgonjwa unamtoka mtu kama jasho, haukuelekezwa kwa yeyote. Baada ya mwaka aliacha kuamini hivyo. Huyu alikuwa anauelekeza.

Miaka miwili kasoro mwezi ilipita hivyo. Kisha Februari 2003 ikaanguka theluji ambayo watu wa Bowie hawakuwa wameiona kwa miaka, ikafika kiunoni, na ilipoanza kuyeyuka maji yalipenya chini ya nyumba. Flaviana alikuwa jikoni aliposikia mchirizo. Akateremka ngazi hadi chumba cha chini, mahali ambapo hakuwahi kutumwa hata siku moja, akawasha taa.

Ukuta mzima ulikuwa na rafu, na rafu zimejaa maboksi ya plastiki ya kijivu, kila moja ukubwa wa kitabu cha misa cha altareni, yamepangwa kwa namba. Maji yalikuwa yamebakiza upana wa vidole viwili kuifikia rafu ya chini. Hakujua maboksi yale ni ya nini. Alichojua ni kwamba mtu hapangi vitu kwa namba nadhifu namna ile kama havimuumi. Akavua viatu, akaanza kuyapandisha juu ya meza ya useremala, moja moja, miguu imekufa ganzi kwa baridi, huku mzee akipiga kelele juu: nani yuko huko chini, nani kamruhusu, toka!

Alipomaliza alipanda akasimama mlangoni, sketi imelowa mpaka magotini. "Maji yameingia," alisema. "Nimeyainua maboksi yako. Yako tisini na sita. Hakuna hata moja lililolowa."

Mzee aliitazama miguu ya mwanamke yule, iliyopauka kwa maji ya theluji.

"Flaviana," alisema. Kumbe jina alilijua siku zote. "Niletee moja."

Ndipo akamweleza. Kuanzia 1968 mpaka 1975, kila Alhamisi, stesheni moja ya televisheni ya Washington ilirusha kipindi cha watu weusi kilichoitwa Chumba cha Mbele. Walialikwa wapiga tarumbeta, washairi, wachezaji dansi, kwaya za makanisa ya mitaani, wapiga ngoma wa bustanini, wachoraji waliochora mbele ya kamera huku mtu akipiga kinanda. Nehemiah alikuwa mpiga picha, kamera namba mbili. Kipindi kilipofutwa, stesheni haikuona sababu ya kutunza kanda. Kanda zilikuwa ghali, basi zikaanza kusafishwa ili zirekodiwe upya, matangazo ya maduka ya samani na mechi za mieleka. Kwa miezi mitano Nehemiah alibaki kazini baada ya zamu yake, akinakili kwa siri kipindi kimoja kimoja kwenye kaseti ndogo za stesheni. Alikuwa anashindana na mfutaji. Mwenzake anafuta, yeye ananakili.

"Mara nyingine nilimkuta keshaanza," mzee alisema. "Nasimama pale, naiangalia inaisha. Ukisema neno unafukuzwa. Nilikuwa na mke na mtoto."

"Ukaokoa tisini na sita."

"Nikapoteza mia mbili na hamsini." Alisema kama mtu anayetema kitu.

Kwa miaka ishirini na minane hakuna aliyekuja kuziuliza. Aliandika barua kwa vyuo, kwa makumbusho. Wengine hawakujibu, wengine walimwambia alete orodha, akaleta, wakanyamaza. Alikuwa amenunua mashine ya kuzichezea na nyingine ya kunakili kwenye DVD, akapanga kuanza baada ya Krismasi ya mwaka 2000. Wiki moja kabla ya Krismasi kiharusi kikamwangusha bafuni. Sasa alihitaji mikono, na mikono iliyokuwepo ni ya mwanamke ambaye yeye alikuwa amemtesa kwa miaka miwili. Hakumwomba radhi. Alisema tu, "Kesho vaa suruali. Utapiga magoti sana."

Kazi ilikuwa ya taabu. Gundi ya kanda zile ilikuwa imeoza kwa uzee. Ukiicheza kanda hivi hivi, mzee alisema, mashine itaichuna kama ngozi. Ilibidi kila kaseti ifunguliwe, utepe wake upashwe moto mdogo mdogo kutwa nzima ndani ya mashine ya kukaushia matunda, upoe, urudishwe, ndipo uchezwe, na ulikuwa na nafasi ya kuchezwa mara moja au mbili kabla gundi haijalegea tena. Jikoni kulinuka siki na plastiki. Flaviana alikosea, mzee akafoka.

"Hiyo mikono ni ya kulimia!"

"Ndiyo, nimelimia," Flaviana alimjibu bila kugeuka. "Na mingine huna."

Halafu akamsikia anacheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo. Tangu siku hiyo Flaviana alimwita Mzee, kwa Kiswahili. Mwanzoni mwenyewe alidhani anatukanwa. Alipoelezwa maana yake alikubali, ila akaendelea kufoka vilevile.

Mzee alimtaka pia awajue watu waliomo kwenye kanda. Haikutosha kunakili. Walikaa mbele ya skrini, Flaviana na daftari kubwa la mistari, mzee akisimamisha picha kwa kidole chake kizima. "Andika. Huyu wa kushoto ni nani? Wa tatu nyuma, mwenye miwani?" Kesho yake alimfanyia mtihani, na akikosa aliambiwa kwamba shuleni kwake lazima walifundishana ujinga. Flaviana, aliyewahi kuchapa watoto kwa kukosa majedwali ya kuzidisha, aliona mzee ana haki. Akajifunza. Katika miezi kumi na minane alijua majina zaidi ya mia tatu ya watu ambao hakupata kukutana nao, wengi wao wamekufa, akayajua na ya mitaa waliyotoka.

Kaseti ya arobaini na moja ndiyo iliyomshika. Mwanamke mrefu, gauni la njano, amesimama peke yake bila chombo chochote, akafumba macho na kuanza kuimba kwa sauti ya chini. Flaviana alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya parokia tangu ana miaka kumi na mitatu, na sauti alizijua. Hii ilikuwa sauti ya mtu asiyebembeleza. Katikati ya wimbo mwanamke yule alikohoa, akangoja, akaendelea pale pale alipoachia, bila aibu. Flaviana alijikuta kalamu imemwanguka.

"Ardelia Mabry," mzee alisema. Kwa mara ya kwanza hakufoka. "Alikuwa anafua nguo za hospitali. Alikufa miezi minne baada ya siku hiyo, kifua. Hakurekodi santuri, hakuolewa, hakuzaa. Hicho unachokiona ndicho kilichobaki chake duniani. Kingine chochote hakuna."

Flaviana aliandika jina, akalipigia mstari mara mbili.

Vernell alikuwa akija Jumapili. Alikuwa mkubwa wa kitengo katika ofisi moja ya serikali, mwanamke nadhifu asiyekaa chini akiwa na koti. Jumapili moja ya kiangazi cha 2004, Flaviana alipokuwa amekuja kumaliza kaseti tatu za mwisho, Vernell aliwakuta wote wawili mbele ya skrini. Watoto wadogo walikuwa wanacheza dansi, wamevaa soksi ndefu nyeupe. Akasimama nyuma yao kitambo.

"Hii ni lini?" aliuliza.

"Mei sabini," mzee akasema bila kugeuka. "Tarehe tisa."

"Tarehe tisa Mei nilitimiza miaka kumi. Mama alioka keki tukakungoja mpaka watoto wote wakarudi kwao. Ulisema umekwama kazini." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Ulikuwa unawapiga picha hawa."

Mzee alisimamisha picha. Flaviana alimwombea kimya kimya aseme neno jema, lolote, hata uongo.

"Hawa walikuwa na kipaji," mzee alisema.

Flaviana alitazama sakafu. Alimsikia Vernell anavuta pumzi, kisha visigino vyake vikaenda mpaka mlangoni, na gari likawaka.

"Mzee, umefanya vibaya," Flaviana alisema.

"Nimesema kweli."

Lakini jambo lile lilimkaa mzee. Wiki iliyofuata alimwambia Flaviana atengeneze seti ya pili ya DVD zote na aipeleke kwake Beltsville. "Nikifa, hii ya hapa ni takataka tu kwa Vernell. Wewe utaitunza. Utatafuta mtu wa kumpa, mtu atakayewajua hawa watu ni nani. Na daftari chukua."

"Niandikie karatasi, Mzee. Kwamba umenipa mwenyewe."

"Karatasi ya nini? Nikisema nimesema."

Aliomba mara tatu, siku tatu tofauti. Mara ya tatu mzee alikasirika, akauliza kama anamwona yeye ni mtu wa kusaini vyeti kwa mtumishi wake. Flaviana akaacha. Alizipeleka DVD Beltsville kwa mafungu, ndani ya mfuko wa sokoni, akazipanga chini ya kitanda ndani ya sanduku alilojia Marekani.

Jumanne moja ya Oktoba alifungua mlango asubuhi, akamkuta mzee amekwisha kuwa baridi, mkono wa kulia umekunjika juu ya kifua. Alimfumba macho, akamwosha, akampigia Vernell simu. Vernell alifika baada ya saa moja, akamtazama baba yake akiwa amesimama, koti mwilini, akasema, "Ahsante. Unaweza kwenda." Flaviana aliuliza mazishi ni lini. Akaambiwa ni ya familia tu.

Siku ya nne alirudi kuchukua viatu vyake vya kazi na shali. Mbele ya nyumba palikuwa na kontena la taka refu kama gari, na wanaume wawili wanatoka mlangoni wamebeba maboksi ya kijivu kifuani. Walikuwa wanayatupa kwa zamu, wakishindana nani atatupa mbali. Mashine ya kuchezea ilikuwa imelala kwa mgongo juu ya godoro la mzee. DVD nyeupe, zile za seti ya nyumbani, zilikuwa zimetapakaa kwenye majani, na mmoja wa wanaume akazikanyaga akipita.

Vernell alikuwa barazani, anaandika kitu.

"Bi Vernell, nakuomba," Flaviana alisema, pumzi zinamkata. "Hizo ni kazi za baba yako. Hakuna nyingine popote. Nipe mimi. Nitazitoa mwenyewe, leo leo, hata kwa miguu."

"Unadhani sijui ni nini?" Vernell hakuinua sauti. "Najua kuliko wewe. Umekaa nazo mwaka mmoja na nusu. Mimi nimekaa nazo maisha yangu yote." Akaacha kuandika, akamkazia macho. "Kuna nyingine? Kuna kitu alikupa?"

Hapo ndipo neno lilipomponyoka. Baadaye Flaviana alijiuliza mara nyingi ingekuwaje kama angesema kweli. Labda Vernell angezichukua na kuzitupa pamoja na zile. Labda, mbele ya wale wanaume, angeona haya. Lakini mtu asiye na karatasi hujifunza kukana kabla hajajua anakana nini.

"Hapana," alisema. "Hakunipa kitu."

Baada ya siku mbili, Jumapili, simu ya Beltsville ilikuwa na ujumbe. Sauti ya Vernell, tulivu ile ile: bangili ya dhahabu ya mama yake haionekani, jirani amemwona Flaviana akitoka na mifuko kwa wiki kadhaa, anajua kuna vitu vimetolewa ndani ya nyumba ile, visiporudi ifikapo Jumatatu ataita polisi.

Bangili ile ilionekana wiki hiyo hiyo ndani ya mfuko wa koti la marehemu mama yake, koti lililopelekwa kanisani kugawiwa maskini. Flaviana alikuja kuambiwa na jirani yule yule miaka miwili baadaye, walipokutana dukani. Vernell hakupiga simu kueleza.

Lakini Jumapili ile hakuna aliyejua hilo. Wairimu aliusikiliza ujumbe mara mbili, akakaa kitandani.

"Mama Rose, hiyo bangili ulichukua?"

"Wewe! Unanijua mimi."

"Mimi nakujua. Polisi hawakujui. Wakikuja hapa watasearch nyumba yote. Watapata nini? Watapata vitu vya yule mzee chini ya kitanda yako, na wewe ulisema hakuna. Utawaambia nini?"

"Kwamba alinipa."

"Paper iko wapi?"

Flaviana alilisukuma sanduku ndani zaidi kwa mguu.

"Si wewe peke yako," Wairimu alisema. "Hata mimi sina makaratasi. Wataniuliza mimi ni nani. Watatudeport sisi wawili, na mama yangu yuko dialysis ya figo, nani atamlipia. Please, Mama Rose. Naomba. Hao watu wa hiyo video washakufa. Si sisi tumewaua."

Flaviana alifikiria kwenda kuzificha kanisani. Paroko alikuwa safarini. Alifikiria kuziacha mlangoni pa maktaba. Wairimu akamkumbusha kwamba daftari lote ni mwandiko wake, na kwamba kila mlango wa jengo la serikali una kamera. Alifikiria kuzizika, na ardhi ilikuwa ya mwenye nyumba. Ilipofika saa tisa alasiri hakuwa na mahali pengine pa kufikiria.

Alitandika kanga sakafuni bafuni, akazikunja DVD tano tano ndani yake, akazivunja kwa goti. Hazikuvunjika kwa wepesi. Zilijikunja kwanza, zikalia, kisha zikapasuka vipande vyenye ncha, na kabla hajafika ishirini kanga ilikuwa imetoboka na kiganja chake kinatoka damu. Wairimu alimletea taulo, akamsaidia, huku analia kwa sauti. Flaviana hakulia. Alikuwa akisoma namba kabla ya kuvunja, bila kutaka, na kila namba ilimletea watu wake: wa kushoto, wa kulia, mwenye miwani. Ya arobaini na moja aliiweka kando. Akavunja nyingine zote. Mwishowe ikabaki yenyewe sakafuni, nyeupe, na Wairimu akaitazama.

"Hata moja ni ushahidi," Wairimu alisema.

Aliivunja hiyo peke yake, kwa mikono mitupu. Daftari wakalichana karatasi moja moja na kulilowesha kwenye ndoo mpaka likawa ugali wa buluu. Vyote vikaingia mifuko mitatu myeusi, na kabla jua halijashuka vilikuwa ndani ya pipa kubwa la jengo.

Jumatatu hawakuja polisi. Wala Jumanne. Hakuja mtu yeyote, kamwe.

Miaka mitano ilipita. Flaviana alipata kazi katika nyumba ya wazee huko Greenbelt, mahali ambapo hakuna aliyemuuliza mengi. Kidole gumba cha kulia hakikukunjika tena vizuri. Kwaya aliiacha, aliwaambia ni koo. Akiwa anaosha wazee alikuwa akirudia majina kimyakimya, kwa mpangilio wa kaseti, ya kwanza hadi ya mwisho, na akisahau moja alianza upya. Baadhi yalikwisha kumtoka. Kufikia mwaka wa tano yalikuwa yamebaki kama mia mbili.

Septemba 2009 aliona tangazo kwenye ubao wa ukumbi wa wazee: maktaba moja ya Washington inaandaa mchana wa kukumbuka Chumba cha Mbele, kipindi kilichopotea. Kanda moja ilikuwa imepatikana kwenye gereji ya marehemu fulani huko Baltimore, imeoza isipokuwa dakika nne. Mgeni wa heshima ni binti wa mpiga picha.

Flaviana aliomba ruhusa kazini, akaenda, akakaa safu ya tatu kutoka nyuma. Ukumbi ulijaa wazee weusi waliovaa kama wanaokwenda kanisani. Vernell alipanda jukwaani, nywele zimeingia mvi, akaongea vizuri. Alisema baba yake alizilinda kanda zile kwa miaka thelathini, kwa gharama ya familia yake. Sauti ilimkatika kidogo hapo, na Flaviana aliona kwamba haigizi. "Baada ya kifo chake," Vernell aliendelea, "zilipotelea mikononi mwa mtumishi wa ndani tuliyemwamini." Ukumbi ukaguna kwa huzuni. Macho ya Vernell yalipita juu ya safu za nyuma, yakapita juu ya uso wa Flaviana, yakaendelea. Hakumtambua.

Kisha taa zikazimwa, na mwanamke mrefu wa gauni la njano akafumba macho.

Kikohozi kilikuwepo. Alingoja, akaendelea. Kwenye dakika ya nne picha ikameguka meguka na kuwa mvua, na chini yake yakaja maandishi: mwimbaji hajulikani. Watu walipiga makofi wamesimama. Mzee mmoja aliyekaa jirani na Flaviana alimuuliza mkewe, "Alikuwa nani yule mama?" Mkewe akatikisa kichwa. Flaviana alifungua kinywa. Mbele yake, jukwaani, Vernell alikuwa anapangusa macho. Akakifunga.

Kwa siku tisa hakulala sawasawa. Siku ya kumi alirudi maktaba mchana, akaomba kuonana na anayehusika na kipindi kile. Akapelekwa kwa mtunza nyaraka, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, mpole, aliyempa kiti na maji.

"Yule mwimbaji anaitwa Ardelia Mabry," Flaviana alisema. "Ilirekodiwa Novemba 1970. Alikuwa dobi wa hospitali. Ninayo na majina ya wengine."

Mtunza nyaraka alishika kalamu haraka, uso umemng'aa. "Umejuaje?"

Alikuwa amejiandaa kudanganya, kwamba alisikia kwa mtu. Lakini aliona kuwa uongo hautalibeba jina lile. Akasema yote: miaka na mzee, kaseti, mashine ya matunda, daftari, kontena lililokuwa mbele ya nyumba, swali la Vernell na jibu lake, bangili, Jumapili. Alipofika kwenye kanga na goti, kalamu ya yule mama ilisimama.

"Ulizivunja mwenyewe," alisema.

"Ndiyo. Kwa mikono hii."

"Zote."

"Zote."

Mwanamke yule alivua miwani. Aliposema tena, sauti ilikuwa bado na adabu, ila joto lilikuwa limetoka ndani yake. Alimuuliza jina lake kamili. Flaviana alimpa. Kisha akayataja majina aliyoyakumbuka, kaseti kwa kaseti, saa mbili nzima, na mama yule akayaandika mengi, mengine hakuyaandika.

Novemba aliitwa asome kumbukumbu ya kipindi kabla haijafungwa. Alisoma polepole kwenye kompyuta, kidole kwenye mstari. Ilisema kanda tisini na sita pamoja na nakala zake zote ziliharibiwa mwaka 2004; kwamba aliyekuwa mtumishi wa ndani, Flavianna Masawe, amekiri kuziharibu. Kontena halikutajwa.

"Binti yake ndiye aliyezitupa kaseti," Flaviana alisema. "Nilikuwepo."

"Familia imetoa maelezo yake. Na wewe umetoa yako. Nimechukua uliloliungama wewe, kwa sababu mtu hana faida ya kuisingizia nafsi yake."

"Na Ardelia?"

Mtunza nyaraka aliteremsha ukurasa. Mwimbaji: hajulikani.

"Siwezi kuandika jina kwa neno la mtu mmoja," alisema. "Nilitafuta hospitali, nikatafuta vyeti vya vifo. Wapo Mabry wengi. Kama kungekuwa na karatasi yoyote, hata barua. Hata lile daftari."

Flaviana aliurudisha ukurasa juu, akasoma upya. Halafu, kwa kuwa alikuwa mwalimu na hakuweza kuliacha kosa likae, alinyoosha kidole kwenye skrini.

"Jina langu mmelikosea. N ni moja. Massawe ni s mbili."

"Oh, samahani sana," mama yule alisema, na akausogeza ubao wa herufi karibu. "Hilo naweza kulirekebisha sasa hivi. Una kitambulisho?"

Flaviana alifungua mkoba, akatoa pasipoti yake ya Tanzania iliyokwisha muda, akampa. Mtunza nyaraka aliiweka mbele yake, akalinganisha herufi moja baada ya nyingine, akarekebisha.